Koti la Mvua la Baiskeli: Jinsi ya Kuchagua Linalozuia Maji na Kuruhusu Jasho Litoke

Swali hili hunijia kila mvua zinapoanza, likiwa limebadilishwa maneno tu: "Nimenunua koti lililoandikwa haliingizi maji kabisa. Nimeendesha saa mbili, nimefika nimelowa hadi fulana. Je, nimeuziwa koti bovu?" Wapo waliolirudisha dukani wakachukua jingine la bei ya juu zaidi, wakalowa vilevile.

Mara nyingi koti halikuwa na kosa. Maji waliyoyakuta ndani hayakutoka mawinguni, yalitoka mwilini mwao. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza takriban robo tu ya nguvu unayotumia kuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki hutoka kama joto. Ukikanyaga pedali kwa wati 150, unazalisha kati ya wati 450 na 600 za joto, na mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Ukiwa umejifunga ndani ya kitu kisichopitisha hewa, jasho hilo halina pa kwenda.

Kwa hiyo tutaanza na jasho, ndipo tuje kwenye mvua. Nakusihi ufuate mpangilio. Anayeruka moja kwa moja hadi kwenye namba za lebo ndiye anayerudi na swali lilelile msimu unaofuata.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Nguo unazovaa ukiendesha, pamoja na ile ya joto unayoongeza wakati wa baridi
- Helmeti na glavu zako
- Begi la mgongoni, kama huwa unalibeba
- Mizani ya kupimia uzito wa mwili, na nyingine ndogo ya jikoni
- Chupa ya kunyunyizia maji
- Baiskeli yako. Kama huwezi kuingia nayo dukani, panga kulijaribu koti nyumbani kabla ya kung'oa lebo, na uhakikishe mapema kwamba muuzaji anakubali kurudishiwa

## Hatua ya 1: Pima jasho lako

Siku isiyo na mvua, jipime uzito ukiwa huna nguo. Endesha saa moja kwa mwendo wako wa kawaida. Ukirudi, jifute jasho, jipime tena bila nguo. Uzito uliopungua, ukijumlisha maji uliyokunywa njiani, ndio jasho lako la saa moja. Kilo moja ni sawa na takriban lita moja.

Rudia mara mbili: siku ya baridi na siku ya joto. Utaona tofauti kubwa, na utaona pia kwamba hata siku ya baridi hukauki kama ulivyodhani.

Namba hii ndiyo itakayoamua mengi huko mbele. Anayetoa nusu lita kwa saa ana uhuru wa kuchagua. Anayekaribia lita nzima ajue tangu sasa kwamba hakuna kitambaa kitakachomwokoa peke yake. Atahitaji koti lenye matundu mengi ya kupitishia hewa, na nidhamu ya kulivua mapema.

## Hatua ya 2: Amua koti litafanya kazi gani

Koti moja haliwezi kufanya kila kitu, na mtu anayelitaka lifanye kila kitu huishia na lile lisilofaa popote. Kwa uzoefu wangu, kazi ziko tatu.

Koti la dharura. Gramu 100 hadi 150. Linakunjwa likawa dogo kama ngumi, linakaa mfukoni, linatolewa mvua ya ghafla ikianguka. Kitambaa chake ni chembamba, na mara nyingi halina matundu ya kwapani.

Koti la kuendeshea mvuani. Gramu 150 hadi 250. Limekatwa kubana, mgongo mrefu, kwa mtu anayekanyaga kwa nguvu saa nyingi bila begi mgongoni.

Koti la safari ndefu yenye mizigo. Gramu 250 hadi 450. Hili litavaliwa ukiendesha, ukisukuma baiskeli vichakani, ukipiga hema na ukipika nje usiku. Linahitaji kitambaa kigumu, kofia, na nafasi ya kuvaa nguo ya joto ndani yake.

Pima kwa mizani ya jikoni. Uzito ulioandikwa kwenye lebo huwa wa saizi moja tu, na yako huenda ikawa nzito zaidi.

Kosa ninaloliona zaidi hapa ni mtu wa safari ndefu kununua koti la dharura kwa sababu ni jepesi. Gramu mia moja alizookoa anazilipa siku ya tatu, mikanda ya begi ikishakwangua mabega.

Kuna hali moja ambayo ningekushauri usilitegemee koti hata kidogo: mvua ya joto kwenye hewa nzito yenye unyevu. Mvuke wa jasho hutoka ndani ya koti kwa sababu nje kuna unyevu mdogo na ubaridi kuliko ndani. Nje kukiwa na joto na unyevu sawa na ndani, mvuke hauna sababu ya kutoka, hata kitambaa kiwe cha namna gani. Siku kama hiyo acha fulana ilowe, endelea kukanyaga, na koti ulitunze kwa ajili ya miteremko mirefu na vituo vya kupumzika.

## Hatua ya 3: Soma namba ya kuzuia maji

Namba hii huandikwa kwa milimita: 5,000, 10,000, 20,000. Maana yake ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla matone hayajapenya. Kipimo kinachotumika sana huitwa ISO 811.

Kwa safari fupi ya manyunyu, 5,000 inatosha. Kwa saa kadhaa za mvua ya kweli, usishuke chini ya 10,000. Kama unabeba begi mgongoni, tafuta 20,000. Mkanda wa begi unakandamiza maji dhidi ya kitambaa kwa nguvu kuliko tone linaloanguka, na ndiyo maana mabega hulowa kwanza.

Angalia pia maneno yenyewe. Koti "linalostahimili maji" si sawa na koti "lisiloingiza maji". La kwanza litakupa dakika chache za rasharasha.

Sasa tahadhari ambayo watu wengi huikosa: namba hiyo ni ya kitambaa peke yake. Haisemi lolote juu ya mishono, na kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano. Geuza koti ndani nje. Unatakiwa kuona utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono, kuanzia mabegani hadi kwenye kofia. Baadhi ya makoti huziba mishono ya mabegani na ya kifuani tu. Pitisha kidole kwenye utepe: ukiwa umelala tambarare bila mapovu wala ncha zilizobanduka, kazi imefanywa vizuri. Ukiinuka kwa ukucha wakati koti bado jipya, lirudishe.

## Hatua ya 4: Soma namba ya kupumua, kisha uifanyie hesabu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tuende taratibu.

Uwezo wa kupitisha mvuke huandikwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. Chukua koti lililoandikwa 20,000, namba ambayo wauzaji huitangaza kwa fahari. Gawanya kwa 24: unapata gramu 833 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Linganisha na jasho ulilolipima kwenye hatua ya kwanza. Hata kwenye karatasi, koti hilo linakaribiana tu na jasho la mtu anayepanda kilima kwa nguvu. Na hiyo ni hali ya maabara, ambako hakuna begi linaloziba mgongo wala kitambaa cha nje kilicholowa. Koti la 10,000 linafika nusu ya hapo.

Jambo la pili: maabara hutumia njia tofauti za kupima, na kitambaa kilekile kinaweza kupata namba kubwa kwa njia moja na ndogo kwa nyingine. Namba ya kampuni moja usiilinganishe na ya kampuni nyingine isipokuwa zote zimetaja kipimo kimoja. Ndani ya kampuni moja, kulinganisha koti na koti kuna maana.

Kipimo ninachokipendelea ni kiitwacho RET, cha ISO 11092, kinachopima jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke. Kwa kuwa kinapima kizuizi, namba ndogo ndiyo nzuri:

- Chini ya 6: kinapumua vizuri sana, kinafaa kazi ngumu
- 6 hadi 13: kizuri, kinafaa waendeshaji wengi
- 13 hadi 20: cha wastani, kwa mwendo wa polepole
- Zaidi ya 20: utachemka ndani

Ukikuta RET chini ya 6 pamoja na milimita 10,000 au zaidi, umeshapata kitambaa cha kutosha. Usiendelee kulipa zaidi kwa ajili ya namba. Kilichobaki kiko kwenye ushonaji.

## Hatua ya 5: Elewa kilichomo ndani ya kitambaa

Kinachozuia maji ni utando mwembamba uliofichwa. Upo wa aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke unapita. Aina ya pili haina tundu lolote: mvuke hufyonzwa na plastiki yenyewe na kusukumwa kutoka upande wenye unyevu kwenda upande mkavu. Hii ya pili huanza kufanya kazi vizuri unyevu ukishajikusanya ndani, kwa hiyo ukihisi umande kidogo dakika za mwanzo, usishtuke. Tando nyingine huunganisha aina zote mbili.

Muhimu zaidi kwako ni tabaka.

Tabaka mbili na nusu: kitambaa cha nje, utando, na ndani yake mchoro au mpako mwepesi wa kuulinda. Ni jepesi na hukunjika vizuri, lakini hunata kwenye ngozi. Ukivaa fulana ya mikono mifupi chini yake, mikono itahisi kama imefungwa kwa nailoni. Dawa yake ni kuvaa nguo nyembamba ya mikono mirefu.

Tabaka tatu: utando umebanwa kati ya kitambaa cha nje na kitambaa laini cha ndani. Ni zito kidogo, linadumu zaidi, na unyevu wa ndani unasambaa badala ya kutiririka. Kwa safari ndefu za mizigo nachagua hili bila kusita.

Tabaka mbili zenye bitana ya kuning'inia: yaache kwa matembezi. Bitana hukusanya jasho na huchelewa kukauka.

Yapo pia makoti ambayo utando wenyewe ndio uso wa nje, kama yale ya Shakedry, ambayo kitambaa chake kampuni ya Gore imeacha kukitengeneza. Maji hayashiki kabisa, unayakung'uta na koti limekauka. Ukilikuta la mitumba na huvai begi mgongoni, ni koti la ajabu. Ukivaa begi, mikanda itaukwangua utando huo na hakuna cha kuulinda.

Kwa unene wa kitambaa cha nje, tafuta herufi D (denier, kipimo cha unene wa uzi): 10D ni nyepesi kama karatasi, 20D hadi 30D inavumilia begi la siku moja moja, na 40D kwenda juu inafaa safari ya wiki kadhaa yenye vichaka na mikanda.

## Hatua ya 6: Tafuta matundu ya hewa

Ningeambiwa nichague kati ya utando wa daraja la juu usio na zipu za kwapani na utando wa kawaida wenye zipu nzuri, ningechukua wa pili. Tundu la sentimita 25 lililo wazi linatoa joto na mvuke kuliko kitambaa chochote, tena papo hapo.

Angalia hivi:

Zipu ya mbele inayofunguka pande zote mbili. Ukiifungua kutoka chini, tumbo linapata hewa na kifua kinabaki kimefunikwa. Ukiifungua kutoka juu kwenye mpando, kifua kinapoa. Zipu zenye mpako wa kuzuia maji huwa ngumu, kwa hiyo ijaribu kwa mkono mmoja, glavu zikiwa zimevaliwa. Ukihitaji mikono miwili, hutaigusa barabarani, na tundu usiloweza kulifungua ukiwa kwenye mwendo ni kama halipo. Nyuma ya zipu pawepo kipande cha kitambaa kinachozuia maji yanayopenya katikati ya meno.

Zipu za kwapani. Nzuri ni zile zinazoshuka mbavuni. Zile fupi zilizojificha kwapani kabisa huzibwa na mkono wako ukishika usukani.

Tundu la mgongoni chini ya kipande kinachoning'inia. Linafaa sana kwa asiyebeba begi. Kwa anayebeba, limefunikwa, usililipie.

Vifundo vya mikono vinavyofunguka kwa upana. Watu hulipuuza hili. Ukilegeza velkro ya kifundo, upepo wa mbele unaingia kwenye mkono wa koti, unapanda hadi begani na kutokea shingoni. Vifundo vya lastiki tupu havikupi nafasi hiyo.

## Hatua ya 7: Livae ukiwa katika mkao wa kuendesha

Kioo cha dukani kinadanganya. Koti linalopendeza umesimama ndilo linaloacha kiuno wazi ukiinama. Mara kwa mara naulizwa kwa nini mgongo wa chini umelowa, na jibu ni kwamba ulikuwa nje ya koti safari nzima.

Vaa nguo zako za kuendeshea, vaa koti, kisha panda baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Kama haipo, kaa kwenye ukingo wa kiti, inama, na unyooshe mikono mbele kama umeshika usukani. Kaa hivyo dakika tatu nzima. Kagua:

Mgongo. Pindo la nyuma lifunike kiuno chote cha suruali na lifike juu kidogo ya makalio. Likiwa refu mno litanasa kwenye ncha ya kiti kila unapopanda. Pawepo lastiki au ukanda wenye mpira wa kulizuia lisipande.

Mikono. Vifundo vibaki juu ya glavu hata mikono ikiwa imenyooka. Likipanda sentimita tatu, mvua itaingia kwa kufuata mkono hadi kwenye kiwiko.

Tumbo. Mbele pawe pafupi. Kitambaa kikijikunja tumboni kikafanya bakuli, maji yatakaa humo na kumwagika mapajani.

Mabega na kifua. Vuta pumzi ndefu. Kama mshono wa mgongo unakaza, chukua saizi ya juu. Kama unaweza kushika kitambaa kwa viganja viwili mbele ya kifua, koti litapiga kelele kama bendera kwenye mteremko.

Shingo. Funga zipu hadi juu, inua kichwa utazame mbele. Kola isikubane koo, na isiache nafasi ya vidole vitatu kuingia nyuma.

Rudia zoezi zima ukiwa umevaa nguo ya joto ndani, kisha na begi mgongoni. Wenye usukani ulionyooka hukaa wima zaidi na hawahitaji mgongo mrefu sana. Wenye usukani uliopinda kwenda chini wajaribu mkao wa chini kabisa.

Koti sahihi, ukiwa umeinama, unalisahau. Ukishuka baiskelini na kusimama wima, litakuvuta kidogo mbele na nyuma litaning'inia. Hiyo ni dalili nzuri.

## Hatua ya 8: Kofia, mifuko na mwonekano

Kofia ya koti ni jambo la usalama. Vaa helmeti, vaa kofia juu yake, kaza kamba, kisha geuza kichwa utazame nyuma ya bega la kulia na la kushoto. Kofia igeuke pamoja na kichwa. Kama inabaki mahali pake na wewe unaona kitambaa tu, hutaliona gari linalokuja nyuma. Kumbuka pia kwamba kofia hupunguza unachosikia.

Kofia nyembamba zinazovaliwa chini ya helmeti hugeuka vizuri zaidi, ila maji hupenya kwenye matundu ya helmeti na kuzilowesha upesi. Kwa mwendo wa mjini, koti lisilo na kofia pamoja na kifuniko cha helmeti hunitosha. Kwa safari ndefu nataka kofia, kwa sababu jioni mvua itanikuta bila helmeti nikichemsha maji. Hakikisha inakunjwa na kufungwa. Ikiachwa wazi inapepea, na inajaa maji kama ndoo.

Mifuko: mmoja wa kifuani au mmoja wa nyuma unatosha. Mifuko ya pembeni ya mikono huzibwa na mkanda wa begi wa kiunoni, na kila zipu ya ziada ni njia nyingine ya maji.

Rangi kali za kung'aa zinafanya kazi mchana na wakati wa mawingu, kwa sababu hugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Usiku miale hiyo haipo, na koti la njano kali linakuwa koti la kawaida tu. Usiku unahitaji viakisi mwanga. Vikiwa kwenye viungo vinavyosogea, kama vifundo vya miguu, dereva hutambua haraka kwamba aliye mbele ni mtu anayekanyaga. Vya mgongoni vikifunikwa na begi, vibandike kwenye begi lenyewe.

## Hatua ya 9: Jaribu matone kabla ya kung'oa lebo

Nyunyiza maji kidogo begani. Yanatakiwa yajikusanye kuwa matone ya duara na kuteleza. Hiyo ni dawa ya kufukuza maji iliyopakwa nje ya kitambaa, na inafanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Ikichakaa, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na baridi, na mvuke wa ndani unashindwa kupenya. Utando bado mzima, lakini wewe umelowa kwa jasho na unaapa kwamba koti linavuja.

Usilimwagie maji mengi. Ukilirudisha likiwa limelowa, muuzaji ana haki ya kulikataa.

Makoti mengi mapya hutumia dawa isiyo na kemikali za florini zinazoitwa PFAS, kwa sababu kemikali hizo hazioozi zikishaingia kwenye maji na udongo. Nauunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Ila ujue tofauti: dawa mpya inazuia maji na haizuii mafuta vizuri. Mafuta ya mnyororo, mafuta ya kujikinga na jua, na jasho la shingoni huichosha mapema. Koti la namna hii linataka kufuliwa mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 10: Livae kwa wakati wake

Vaa nguo ya ndani ya sufu nyepesi au poliyesta, kamwe usivae pamba. Pamba hushika jasho kama sifongo, na hakuna koti litakalolitoa humo.

Kabla ya mpando, simama, fungua kila zipu au vua koti kabisa kama mvua ni ndogo. Ukifika juu, livae na kulifunga kabla hujaanza kuteremka, maana upepo wa mteremko kwenye nguo iliyolowa hupoza mwili haraka mno. Kwenye mvua ya baridi usilivue kwa sababu ya jasho. Legeza vifundo na zipu, punguza mwendo. Ukianza kutetemeka na vidole vikakataa kushika breki, simama, tafuta mahali pakavu, badilisha nguo ya ndani.

Mahali pa kulibeba ni kwenye begi la usukani au juu kabisa ya mzigo. Likiwa chini ya hema na sufuria, utaahirisha kulitoa hadi uwe umelowa. Na likiwa na maji, lisikae mfuko mmoja na begi la kulalia.

Funga madigadi pia. Maji machafu yanayorushwa na gurudumu la nyuma hupanda chini ya pindo la koti, na hapo koti halina msaada.

## Hatua ya 11: Lifue, usiliogope

Wengi hawafui koti la mvua wakidhani watalichosha. Uchafu ndio unaolichosha.

1. Funga zipu na velkro zote. Velkro iliyo wazi hukwangua utando.
2. Tumia sabuni maalumu ya nguo za mvua, au sabuni ya maji isiyo na manukato mengi. Usitumie kilainisha nguo wala dawa ya kung'arisha. Vyote huacha mabaki yanayovuta maji.
3. Fua kwa nyuzi 30 au kama lebo inavyosema, kisha suuza mara mbili.
4. Likaushe, halafu lipe joto la chini: dakika 20 kwenye mashine ya kukaushia, au pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, kama lebo inaruhusu. Joto huiamsha dawa ya nje.
5. Nyunyiza maji. Matone yakirudi kuwa duara, umemaliza. Yakiendelea kunywewa, paka dawa mpya ya kufukuza maji na urudie joto.

Usilihifadhi likiwa na unyevu wala kulikunja miezi yote ya kiangazi. Tando nyingi zina mpako wa poliyurethani, na unyevu huuvunja taratibu hadi tabaka zinaachana na koti linatoa harufu ya uchachu.

## Likianza kuvuja njiani

Kwanza jua kama linavuja kweli. Geuza sehemu unayoishuku ndani nje, ifanye kama mfuko, mimina maji humo na utazame upande wa pili. Tone likitokea kwenye mstari wa mshono, utepe umeachia. Likitokea katikati ya kitambaa, kuna tundu. Lisipotokea popote baada ya dakika tano, ulilowa kwa jasho. Rudi kwenye hatua ya 6 na ya 10.

Tundu hubandikwa kiraka cha gundi kilichotengenezwa kwa nailoni. Safarini nabeba vipande viwili ndani ya kisanduku cha viraka vya tairi. Kausha koti, futa mafuta, kata pembe za kiraka ziwe duara ili zisinase na kubanduka, bandika, kisha kandamiza kwa kitako cha kikombe cha chuma chenye maji ya uvuguvugu. Kama nafasi ipo, bandika kingine upande wa ndani, na uliache koti limelala tambarare hadi asubuhi.